Upanga wa Nne

4 Februari

Kwa Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, mguu umetulia na cherehani haijagoma tena. Mimi sijambo, ila magoti ndiyo yanalia.

Shangazi, nimepewa sanduku! Miezi minne nilikuwa nashika vitambaa na kufagia manyoya ya njiwa, na Jumatatu Profesa akanitazama kuanzia kisogoni hadi visiginoni, akasema, "Wewe umekonda vya kutosha. Ingia." Nikaingia. Ni lile lile ulilokaa wewe miaka tisa, jekundu, lenye matundu saba yaliyozungushiwa shaba. Kwa ndani, kwenye ubao wa kulia, nimekuta vijistari ulivyochora kwa msumari, kimoja kwa kila onyesho. Nimeanza kuchora vyangu chini yake.

Wenzangu wameshanibandika jina, Sindano. Mpiga Ngoma ni mama mnene wa vichekesho, anaishi kwa kunitania. Mtu wa Karata ni mpole, anakutolea karata yoyote unayoitaja kutoka nyuma ya sikio lako huku anakuuliza habari za nyumbani.

Mpangilio wa zile panga saba anazochoma sandukuni Profesa amenikaririsha mpaka nauota. Nakaa nimekunja magoti hadi kifuani. Wa kwanza na wa pili kutoka mbele, wa tatu kutoka juu. Wa nne unatoka kulia, usawa wa mbavu, kwa hiyo najisogeza kushoto. Wa tano unatoka kushoto, najisogeza kulia, na hapo ndipo napiga ukelele wa uongo ili watu wapate walichokifuata. Wa sita na wa saba zinatoka nyuma, nainama mbele. Ngoma inanyamaza kila upanga unapoingia. Nikipata shida nigonge ubao kwa kiwiko mara tatu, naye Profesa atasimama.

Chafya yako bado inasimuliwa hapa. Kila mgeni anaambiwa jinsi dada wa sanduku alivyopiga chafya kwenye upanga wa nne, ukamwingia paja. Wanacheka, nami hucheka nao, usinikasirikie. Niambie tu, ulikuwa unapumuaje kwenye huo wa nne?

Wako akupendaye,
Mwana wa kaka yako


19 Februari

Mwanangu Sindano (jina limekukaa, mpe mkono aliyekubandika),

Marahaba. Cherehani imegoma, mguu umegoma, mimi peke yangu ndiye sijagoma. Baba yako anakusalimu. Bado anawaambia majirani kwamba unafanya kazi ofisini.

Kupumua ni hivi. Toa pumzi yote kabla ngoma haijanyamaza, mbavu zitashuka vidole viwili. Hivyo viwili ndivyo uhai wako. Asubuhi ya onyesho usile. Mgongoni usijipake mafuta, utateleza.

Tena usiusikilize mdomo wa Profesa, sikiliza viatu vyake. Mdomo wake utakuwa unachekesha watu, lakini kisigino hakijui kudanganya. Ukiwa gizani mle, kisigino kinakuambia yuko upande gani kabla chuma hakijaja. Ndiyo maana wanawake wake anawapandisha jukwaani pekupeku. Anasema inapendeza. Hapendi tu mtu mwingine asikike.

Na kichwa chako kikianza kuvimba kwa makofi, kumbuka hayapigwi kwa ajili yako. Aliye nje anachoma ubao, na kuchoma ubao hata seremala anaweza. Mazingaombwe yote yanafanyika ndani, na anayeyafanya haonekani wala jina lake halimo kwenye bango. Watazamaji nao usiwadhanie wema sana. Wanakuja kuona mtu akichomwa, halafu waambiwe hakuchomwa, warudi kwao na roho safi. Mimi niliwapenda hivyo hivyo. Kazi hii ukishaionja, nyingine zote zinakuwa maji ya kunawa.

Habari ya chafya waache wacheke. Funga nywele vizuri.

Shangazi yako


2 Aprili

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mwandiko huu usikutishe, sijalewa. Unajua mimi ni mtu wa mkono wa kushoto, na leo naandika kwa wa kulia.

Jumamosi Profesa alinichoma. Nasema alinichoma, sisemi nilichomwa.

Ijumaa mwenye ukumbi alimwuliza kwa nini onyesho linapwaya katikati. Mimi, mdomo wangu huu, nikadakia kwamba kile kimya kabla ya upanga wa nne kikirefushwa, watu watashtuka zaidi. Mwenye ukumbi akasema, "Binti ana akili huyu." Profesa akacheka sana. Kesho yake akapanda jukwaani amevaa raba.

Sikusikia kisigino. Ngoma ikanyamaza, nikajisogeza kushoto kama kawaida, na upanga ukaja kutoka kushoto. Alitanguliza wa tano. Uliingia juu ya kiwiko ukatokea upande wa pili, ukanibana. Nikapiga ukelele, wa kweli safari hii, na watu wakapiga makofi. Nikagonga mara tatu kwa kiwiko kizima. Alisikia, Shangazi. Niliona jicho lake kwenye tundu la shaba. Akawageukia watu akasema, "Mnaisikia roho yake inavyobisha hodi?" Ukumbi mzima ukacheka, naye akaendelea. Ulipofika wa sita ikanibidi niiname mbele, na ili niiname ilibidi niuache mkono uchanike. Niliuacha.

Nilipotoka nikajifunga kitambaa chekundu, nikawainamia watazamaji, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Nyuma ya pazia akanipiga ngumi ya mdomo kwa kuchafua shaba yake kwa damu.

Mtu wa Karata akasema mbele ya wote kwamba atalifikisha kwenye Chama cha wanamazingaombwe. Profesa akamshika mkono taratibu kama anamsalimia, akauweka kwenye ukingo wa sanduku, akafunga kifuniko kwa goti. Mara mbili. Nilivisikia vidole vikivunjika. Wazee wa Chama walikuja Jumatatu, wakanywa chai, wakaandika "ajali ya kazi" kwa vyote viwili, mkono wangu na vidole vyake. Wakatukumbusha kiapo, kwamba siri ya sanduku haitoki nje ya sanduku. Sasa Mtu wa Karata ndiye anayefagia manyoya ya njiwa, kwa mkono mmoja.

Shangazi, nakuuliza kama mtu mzima anavyomwuliza mtu mzima. Ile ilikuwa chafya kweli?

Mwana wa kaka yako


11 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Wiki tano sasa. Najua barua yangu ilifika, maana ya baba niliituma siku hiyo hiyo naye ameshanijibu, na mnakaa nyumba moja.

Kidonda kimefunga vibaya, vidole viwili havikunjiki. Profesa amenirudisha sandukuni. Kila siku kabla sijaingia natazama kwanza miguuni kwake.

Kunyamaza kwako nimekusoma.

Mwana wa kaka yako, kama bado unanihesabu


20 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nakuhesabu. Baba yako hajambo. Mimi sijui niseme nini juu ya hali yangu.

Haikuwa chafya. Miaka tisa sikuwahi kupiga chafya ndani ya lile sanduku, hata nilipokuwa na mafua ya kunitoa machozi. Raba. Siku yangu pia alivaa raba. Nilipofika kwenye neno hilo niliweka barua yako chini, na tangu siku hiyo kila nikishika kalamu naona aibu inanitangulia.

Nilikuwa nimemwambia nataka onyesho langu mwenyewe, lenye jina langu kwenye bango. Basi. Hilo ndilo lilikuwa kosa. Chama wakaniletea karatasi kitandani hospitali, chafya imeshaandikwa, nami nikatia saini. Nilitaka waendelee kuniita mwenzao. Halafu uongo nikauzoea, nikautia chumvi, nikawa nauchekesha kwenye harusi. Wewe ulipokuwa mtoto unajikunja ndani ya kapu la nguo ili unifurahishe, mimi ndiye niliyekupigia makofi na kukuambia utafika kwa Profesa. Mficha maradhi kifo humuumbua, ila mimi maradhi yangu niliyaficha yakakupata wewe.

Kuna na jingine, ulijue lote. Jumapili ya mwisho ya Juni ni Siku ya Kugeuza. Bingwa kama Profesa anaingia sandukuni mwenyewe mbele ya Chama kizima na wageni, na mtu wake wa ndani ndiye anayeshika panga. Ndivyo wanavyothibitisha kwamba bingwa anaijua kazi. Mwaka ule nilizishika mimi. Wiki hiyo Profesa alikuwa amenipasua mdomo, jino linatikisika. Nikaziingiza zote saba kwa mpangilio, polepole, na visigino vyangu vinasikika, maana enzi zile alikuwa bado hajatukataza viatu. Akatoka mzima, akanikumbatia mbele ya watu. Siku tatu baadaye akanichoma. Alikuja kunitazama hospitali, akainama sikioni akaniambia, "Ungekuwa na akili ungeniua Jumapili. Mimi ningekuwa wewe, ningegeuza panga."

Rudi nyumbani. Acha hata nguo zako.

Shangazi yako


6 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nilikuchukia siku nne, siku ya tano nikakosa nguvu za kukuchukia. Asante kwa kuniambia.

Sirudi, maana hakuna kurudi. Mtu wa Karata alijaribu kuondoka. Watu wawili wa Chama walimfuata hadi stendi, wakamrudisha damu inamtoka masikioni. Walimtupa mlangoni kwetu na begi lake juu yake. Walikuwa na adabu zao, walituaga.

Tarehe ishirini na nane nitashika panga mimi. Kila asubuhi nazipaka mafuta, na kila asubuhi mkono unaanza na wa nne. Nikigeuza mbili tu, wa tano ukatangulia wa nne, atajisogeza kushoto na kuegemea chuma mwenyewe. Nitasema nilichanganyikiwa, wataandika ajali. Wameshalizoea neno hilo.

Nadhani anajua. Siku hizi nikipaka mafuta anakuja kusimama mlangoni, ananiangalia mikono.

Mwana wa kaka yako


15 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na unisikilize. Hapana. Tena hapana.

Namjua kuliko wewe, na sitaki ufanane naye hata kwa dakika moja. Ukigeuza panga utakuwa umemaliza masomo yake, naye atakuwa amepata mwanafunzi bora. Baba yako ana mtoto mmoja. Mimi sina hata mmoja, ninaye huyo huyo wa baba yako.

Fanya hivi. Ndani ya furushi hili kuna viatu vyangu vya jukwaani, vya visigino vya mbao. Vivae. Kila hatua yako aisikie, ajue uko upande gani, asipate pa kusema ulimvizia. Weka panga zote saba kwa mpangilio aliouandika mwenyewe kwenye daftari lake. Akishatoka, na wageni wote wangali wamekaa, funua mkono wako uwaonyeshe, useme yote, chafya na vidole na raba. Jina langu litaje. Kiapo na kinivunjikie mimi, nimekitunza vya kutosha.

Niapie kwamba utafuata mpangilio. Usiniandikie kiapo, ukile moyoni mwako, nitajua.

Shangazi yako


9 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Sijui kama nastahili kukuamkia.

Nilikula kile kiapo na nilikusudia kukitimiza. Nataka ulijue hilo kwanza. Ukumbi ulijaa saa nane mchana, Chama safu za mbele, wageni nyuma hadi milangoni. Nilipanda na viatu vyako, vinasikika kila kona. Profesa akanitazama miguuni, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Vua. Mwanamke wa sanduku hapandi kwangu na viatu." Nikavua, nikaviweka pembeni ya jukwaa. Alipokwisha kukaa, kabla sijafunga kifuniko, akaninong'oneza, "Najua utakachofanya." Nikamwambia, "Nitafuata mpangilio, Profesa." Akacheka kama siku ile ya mwenye ukumbi.

Tatu za kwanza ziliingia vizuri. Wa nne nikaenda nao kulia, pekupeku, kama daftari linavyosema. Ngoma ikanyamaza. Nikasukuma. Ulitakiwa kupita bure, na haukupita bure. Kulikuwa na ugumu kidogo, halafu ulaini, halafu mpini ukaanza kutetemeka mkononi mwangu, kwa sababu huko ulikofika kulikuwa kunapumua.

Alikuwa amejisogeza kulia. Hakuniamini. Yeye angegeuza, basi akajua nami nitageuza. Akaukwepa upanga ambao sikuuleta, akauegemea niliouleta.

Kimya bado. Kisha akagonga mara tatu kwa kiwiko.

Nikaachia mpini. Nilisimama mikono imenyooka kama mtoto aliyevunja chombo cha wageni, nikafungua mdomo nisimamishe kila kitu. Hapo hapo mtu mmoja ukumbini akaanza kupiga makofi, peke yake, kwa nguvu zote, na ukumbi wote ukamfuata. Profesa aligonga tena. Safari hii sikusikia, niliona ubao ukitikisika. Nikaikumbuka ile roho yangu iliyobisha hodi. Nikachukua wa tano.

Wa tano ulipita bure. Wa sita na wa saba hazikupita bure, kwa sababu wa nne ulikuwa umembana mbavuni na hakuweza kuinama. Nilizisukuma kwa uzito wa mwili wangu wote, Shangazi, mpaka mpini ukagota kwenye shaba. Damu ikatoka chini ya sanduku ikanifikia vidole vya miguu, ya moto, na watu walikuwa bado wanashangilia. Tulipofungua kifuniko macho yalikuwa wazi na kiwiko kimekunjwa tayari kugonga.

Polisi walinihoji siku mbili. Mabingwa kumi na wanne wa Chama waliapa kwamba sikukosea hata upanga mmoja. Daftari lake likawekwa mezani, mwandiko wake mwenyewe. Wameandika ajali. Sasa mwenye ukumbi ananiuliza kama nitaendeleza onyesho, maana watu wanafika mlangoni kuuliza kama sanduku ni lile lile. Kuhusu kugonga hakuna aliyeuliza. Mpiga Ngoma hanitanii tena.

Nimefuata mpangilio na nimeua mtu. Ningeweza kusimama, na sikusimama. Silali. Nikilala nasukuma.

Viatu vyako pia nimevipoteza. Nilivitafuta pembeni ya jukwaa, havikuwepo. Nisamehe.

Mwana wa kaka yako


17 Julai

Mwanangu,

Marahaba, na uniamkie siku zote nikingali hai. Baba yako hajambo, ameanza kukiri kwa majirani kwamba hufanyi kazi ofisini.

Viatu havikupotea. Viko hapa chini ya cherehani. Kimoja kina tone la damu kwenye kisigino, nimelisugua kwa majivu na kwa sabuni, limekataa.

Siku ya Kugeuza nilimuaga baba yako kwamba naenda kununua nyuzi. Nilikaa safu ya tano upande wa kulia, na miwani, na kitambaa nimekivuta hadi usoni. Nilikuja kwa sababu moja, naapa kwa kaburi la mama. Wewe ungewaonyesha mkono, nami ningesimama nipandishe sketi niwaonyeshe paja. Nilikuwa nimejifunza maneno njia nzima, watu wa pembeni wakadhani nasali.

Halafu ngoma ikanyamaza kwenye wa nne. Sikio langu limeishi ndani ya lile sanduku miaka tisa, najua ubao unavyolia na najua nyama inavyolia. Nikamsikia akigonga. Nikakuona umeachia mpini. Ungesimama, mwanangu. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Una moyo wa kaka yangu, huna moyo wangu. Wangemtoa, wangemshona, Chama wangekaa wanywe chai, na baada ya mwezi mmoja angenunua raba mpya.

Yale niliyokuandikia, kwamba usigeuze, kwamba usifanane naye, niliyaamini nilipoyaandika, na bado nayaamini kwa ajili yako. Kwa ajili yangu sikuwa nimejiuliza.

Kwa hiyo wa sita na wa saba usizihesabu kuwa zako. Zangu hizo. Lala. Sanduku livunje, uchome mbao moja moja, ila ule ubao wenye vijistari nitunzie. Na usimtafute yule mtu mmoja aliyeanza kupiga makofi. Nilipiga mpaka viganja vikafa ganzi, ili usimsikie akigonga mara ya pili.

Shangazi yako